Kifaa cha Kurudishia Pistoni za Breki za Nyuma



Ndugu wasomaji, wazee wangu, dada zangu na wanafunzi wapendwa, leo sitaandika kuhusu tajwidi wala kuhusu malezi. Wiki zilizopita wazazi kadhaa waliokuja kuwachukua watoto madrasa walinikuta nimelala chini ya gari, kanzu imetundikwa mlangoni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mmoja aliniuliza, "Maalim, umeacha kufundisha?" Mwingine, ambaye naye ana gari la Kijerumani, aliuliza swali lililo bora zaidi: "Hicho kifaa ulikipata wapi?" Basi nimeona niandike, kwa kuwa jambo hili lina faida kwa familia nyingi hapa Bujumbura, na kwa kuwa kulijua nusu nusu kuna hatari.

Gari langu ni Golf ya nne, ya mwaka 2001, lililotoka Ubelgiji likiwa tayari limetumika. Kila likizo nawapakia watoto na mama mkwe wangu tunakwenda Gitega. Anayeijua njia hiyo anajua ninachosema. Unaondoka hapa ufukweni mwa ziwa Tanganyika, mita chini ya 800 kutoka usawa wa bahari, unapanda barabara ya RN1 mpaka Bugarama iliyo juu ya mita 2,200, kisha unashika RN2 kupitia Muramvya. Kupanda si taabu, gari linanguruma tu. Taabu ni kurudi. Kilomita kama 35 za kuteremka, kona baada ya kona, malori mbele yako na nyuma yako, na wale vijana wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi wanaoshuka kama mishale huku wenzao wanaopanda wakiwa wameng'ang'ania malori kwa mkono mmoja. Katika njia ile breki ndiyo kitu kinachokurudisha nyumbani, baada ya rehema za Allah.

Mwezi mmoja kabla ya likizo nilianza kusikia gurudumu la nyuma la kushoto likikwaruza. Nilifungua tairi nikatazama. Pedi ya ndani, au plaketi kama tunavyosema hapa kwetu, ilikuwa imebaki chini ya milimita 2. Ikifika hapo hubadilishwi kwa hiari tena, unalazimika. Ikiisha kabisa, chuma kinasugua chuma, diski inaharibika, na gharama inakuwa mara mbili.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Breki za mbele ni rahisi. Unafungua kalipa, unatoa pedi zilizokwisha, halafu unaisukuma pistoni irudi ndani ili pedi mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Kwa mbele kibano cha seremala kinatosha kabisa. Wengine hutumia hata bisibisi kubwa na pedi ya zamani. Basi mtu akishafanya za mbele mara mbili tatu anadhani za nyuma ni zile zile.

Si zile zile, angalau kwa magari ambayo breki ya mkono inafanya kazi kupitia kalipa ya nyuma. Golf ni mojawapo. Ndani ya pistoni ya nyuma mna kijiti chenye nyuzi za skrubu pamoja na nati yake. Kadiri pedi zinavyopungua, nati ile inajisogeza yenyewe kidogo kidogo, ili ukivuta breki ya mkono isiwe unavuta hewa tupu. Ni utaratibu wa akili sana, na umefichwa ndani usiouona. Matokeo yake ni kwamba pistoni ile hairudi kwa kusukumwa peke yake. Inarudi kwa kuzungushwa huku inasukumwa. Ukiibana kwa nguvu na kibano, ama haitasogea, ama itasogea baada ya kuvunja ule utaratibu wa ndani. Hapo breki ya mkono imekufa, na kalipa nzima inahitaji kubadilishwa.

Nasema haya kwa sababu nimeyaona. Jirani yangu alipeleka gari lake kwenye garaje moja, sitaitaja, fundi akabana kwa kibano na kipande cha bomba juu yake kuongeza nguvu. Siku ya pili mafuta ya breki yalikuwa yanavuja pembeni mwa pistoni. Mimi nami nilipopeleka langu mahali pengine, fundi kijana alichukua kibano kile kile. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ya nyuma inazungushwa." Akajibu kwa adabu lakini kwa uhakika wote, "Maalim, zote ni pistoni. Inasukumwa tu." Nikamshukuru, nikafunga tairi, nikaondoka. Simlaumu sana yule kijana. Magari mengi yanayopita mikononi mwake ni Probox, na Probox nyuma ina breki za ngoma. Hazina pedi wala kalipa.

Kwa hiyo swali likawa kifaa. Buyenzi, kama mjuavyo, ukikosa kitu cha gari basi hukutafuta vizuri. Mtaa wetu huu wa Waswahili una mafundi barabara moja baada ya nyingine, na kila mmoja ana rai yake. Nilitembea alasiri mbili nikiuliza. Mzee mmoja alinionyesha koleo yenye ncha mbili ndefu. Unaziingiza kwenye vile vishimo viwili vilivyo usoni mwa pistoni na kuzungusha. Alisema ametumia hiyo miaka mingi na amefanikiwa. Namwamini, lakini mikono yake ni ya mzee aliyeshika vyuma tangu ujana, na hata yeye alikiri kuwa koleo ikiteleza inachana ule mpira mwembamba unaozuia vumbi. Ukichanika mpira ule, maji na vumbi vinaingia, pistoni inashika kutu, na baada ya miezi michache breki inang'ang'ania.

Fundi wa kuchomelea akapendekeza atengeneze chake. Alichukua chuma bapa, akachomelea vijipini viwili kwa kipimo cha vile vishimo, na mpini. Kazi safi, na hakutaka malipo. Tulikijaribu pamoja. Pistoni ilizunguka vizuri kabisa, ikazunguka, ikazunguka, lakini haikuingia ndani hata unene wa ukucha. Tukatazamana. Ndipo tulipoelewa wote wawili kwa macho, si kwa kusikia, maana ya kuzungusha na kusukuma kwa wakati mmoja. Chuma chake kilizungusha tu. Kwa kalipa iliyo mpya na laini pengine ungeweza kuegemea kwa kifua na kuisukuma, lakini kwa gari la zaidi ya miaka ishirini, la!

Kuna pia kile kidude cha umbo la mchemraba, chenye pini tofauti katika kila uso, kinachofungwa kwenye racheti. Wauza spea wengi wanacho na ni cha bei nafuu. Tatizo lake ni lile lile la chuma cha fundi wetu: kusukuma ni kazi ya bega lako. Kikikubali, kinakubali. Kisipokubali kinaruka kutoka kwenye vishimo na kukukwangua vidole.

Kifaa chenyewe hasa kinakuja ndani ya boksi. Kina skrubu kubwa yenye mpini, bamba linaloegemea upande wa pili wa kalipa, na visahani vingi vyenye pini za vipimo mbalimbali. Unachagua kisahani kinachoingia sawasawa kwenye vishimo vya pistoni yako, unakiweka mbele ya skrubu, bamba linaegemea nyuma, halafu unazungusha mpini. Skrubu inapozunguka inasonga mbele, kwa hiyo inasukuma na kuzungusha kwa pamoja. Hakuna nguvu inayohitajika. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Unaponunua angalia kama boksi lina skrubu mbili, moja ya nyuzi za kulia na nyingine ya nyuzi za kushoto. Golf huzungushwa kulia, yaani kama mwendo wa saa, pande zote mbili. Lakini yako magari ambayo upande mmoja unazungushwa kinyume, na boksi lenye skrubu moja halitakusaidia kwa upande huo.

Boksi la kwanza niliazima kwa ndugu mmoja anayetengeneza magari ya Wazungu. Aliniambia, "Chukua Maalim, lakini hesabu visahani." Nikavihesabu mbele yake, nikaandika kwenye karatasi idadi yake na kwamba kimoja kilikuwa na pini iliyovunjika tangu zamani. Wanafunzi wangu wa fiqhi watakumbuka mlango wa ariya. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyeazima kitu anabeba dhamana yake kikipotea au kikiharibika, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Mtume (s.a.w.) alipoazima deraa kwa Safwan bin Umayya kabla ya Hunayn, alimhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana. Wahanafi wanaiona kama amana tu, hakuna dhamana ila kwa uzembe. Wanafunzi huwa wanasinzia katika mlango huu kwa sababu mifano ya vitabuni ni ngamia na majambia. Nilipowawekea boksi la visahani juu ya meza na kuwauliza "kisahani kimoja kikianguka mtaroni, nani analipa?", hakuna aliyesinzia.

Upande wa pili wa jambo hilo ni wa mwenye kifaa. Neno la mwisho la Surat al-Maa'un, Ibn Mas'ud (r.a.) alilieleza kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, kama shoka, sufuria na ndoo. Sioni kwa nini kifaa cha breki kisiwe humo.

Hata hivyo kuazima kila mara ni uzito kwa mwenzako ambaye hicho ndicho riziki yake. Nilimwomba mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam aniangalizie Kariakoo, naye akaja nalo kwa basi, Allah amlipe kheri. Hapa kwetu vipo pia, ila bei ya kila kitu kinachotoka nje imekuwa nzito, hasa tangu Mei 2023 faranga yetu iliposhushwa thamani kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo boksi zima lilinigharimu pungufu ya kalipa moja iliyotumika.

Sasa kazi yenyewe. Nitaieleza kwa Golf, wewe utapima na gari lako.

Egesha mahali pa tambarare, si mtaani penye mteremko. Weka gia ya kwanza, kisha uiachie breki ya mkono. Ndiyo, uiachie, ikiwa imevutwa pistoni haitarudi. Kwa sababu hiyo magurudumu ya mbele lazima yawekewe mawe au magogo mbele na nyuma. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua, inua kwa jeki, kisha weka stendi ya chuma chini ya gari. Usiingize mwili wako chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Usiseme "ni dakika mbili tu". Watoto wawe mbali, na kama wanataka kutazama wasimame kwenye baraza.

Fanya upande mmoja kwanza, umalize, ndipo uende wa pili. Faida yake ni kwamba ukisahau kitu kilikaaje, unakwenda kutazama upande wa pili.

Kalipa ya Golf imefungwa kwa bolti mbili za spana namba 13, na nyuma yake kuna pini unayoizuia kwa spana nyembamba namba 15, la sivyo vyote vinazunguka pamoja. Hapa napo spana nene ya kawaida haiingii, jueni mapema. Kalipa ikitoka usiiachie ining'inie kwa mpira wake wa mafuta; ifunge kwa waya kwenye springi. Toa pedi za zamani, safisha makao yake kwa brashi ya waya na kitambaa kibichi. Nasema kitambaa kibichi kwa makusudi. Nimeona vijana wanapuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa pampu. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, inayoharibu mapafu, na ingawa Ulaya ilikataza tangu 2005, pedi zinazouzwa sokoni bila jina wala boksi hujui zimetengenezwa kwa nini.

Kabla ya kurudisha pistoni, fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Pistoni ikirudi, mafuta yanapanda. Kama chupa imejaa yatamwagika, na mafuta yale yanakula rangi ya gari. Punguza kidogo kwa bomba la sindano. Sasa weka kifaa, zungusha polepole, na uangalie ule mpira wa vumbi. Ukiona unajisokota pamoja na pistoni simama, uachanishe kwa kidole, uendelee. Pistoni ikifika mwisho, tazama vishimo vyake. Katika baadhi ya magari pedi ina kijinundu mgongoni ambacho lazima kiingie kwenye kishimo, kwa hiyo unarudisha pistoni kidogo mpaka vilingane. Ukiacha hivyo hivyo, pedi inakaa upande na kuliwa upande.

Kwenye gari langu nilikuta jambo jingine. Ule mkono mdogo wa chuma ulio juu ya kalipa, unaovutwa na waya wa breki ya mkono, wa upande wa kushoto haukuwa unarudi mpaka mwisho. Ndiyo maana pedi ya kushoto iliisha kabla ya kulia. Golf za umri huu zinajulikana kwa ugonjwa huo. Ningebadilisha pedi tu bila kuliona, zile mpya zingeisha vile vile. Niliusafisha, nikautia mafuta ya kupenyeza, nikaufanyisha kazi kwa mkono mpaka ukarudi wenyewe, nikalala nao usiku mmoja na kuutazama tena asubuhi. Ungegoma, kalipa ilikuwa ibadilishwe.

Ukishafunga vyote, na kabla ya kuwasha injini na kuondoka, kanyaga pedali ya breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Hii si hiari. Pistoni iko mbali na pedi, na kanyago la kwanza linakwenda mpaka chini bila gari kusimama. Pima mafuta kwenye chupa, vuta breki ya mkono uone inashika kwenye meno mangapi, zungusha gurudumu kwa mkono uone liko huru, kisha jaribu gari polepole mahali pasipo na watu. Mimi nilikwenda alfajiri baada ya swala, barabara ikiwa tupu. Safari ya Bugarama niliiacha kwa wiki nzima, nikatumia breki mjini kwa upole ili pedi na diski zizoeane.

Wenye magari mengine wasichukue maneno yangu jumla jumla. RAV4 za kuanzia 2006 zina diski nyuma, lakini breki yake ya mkono ni ya viatu vidogo vilivyo ndani ya diski, kwa hiyo pistoni inasukumwa moja kwa moja kama za mbele; ukiizungusha unapoteza muda. Na wenye magari ya breki ya mkono ya kubonyeza kitufe, kama Passat zilizotoka kuanzia 2005, hao wasiguse kabisa bila kompyuta ya kuiamuru mota irudi. Mota ile ikilazimishwa inavunjika, na bei yake sitaki hata kuitaja katika ukurasa wa familia.

Jambo jingine ambalo halihusu kifaa: mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani. Yakizeeka, ukiteremka kutoka Bugarama ukiwa umekanyaga breki mfululizo, yanachemka na pedali inakuwa laini kama godoro. Yabadilishwe kila miaka miwili. Na dereva ateremke kwa gia ya pili au ya tatu, aiache injini ifanye kazi ya kuzuia, si breki peke yake. Pedi mpya hazimlindi anayeshuka mlima ule akiwa huru, gia imetolewa, ati anaokoa petroli. Najua petroli imetutesa, sote tumelala kwenye foleni. Lakini si pale.

Boksi langu liko madrasa, kwenye kabati la chini, pamoja na ile spana nyembamba namba 15. Nimebandika ndani ya kifuniko karatasi yenye orodha ya visahani vyote, na pembeni kuna daftari: jina, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Mpaka leo limeshatoka mara sita na kurudi mara sita, ingawa mara moja lilirudi likinuka samaki, sikuuliza. Anayelihitaji aje baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na kabla ya kuja alale chini atazame kama gari lake lina diski nyuma au ngoma.

Wassalaam alaykum.